Shanta bila bunduki: Mwindaji hana tena nafasi Kitengela, ila deni la mwenye ardhi lingalipo

KWA lugha ya Kimaa, olkoroi ni mbega, yule kima wa manyoya meusi na meupe anayependa miti mirefu. Abiria anayeteremka matatu ya nambari 126 pale Nkoroi, kati ya Ongata Rongai na Kiserian, hatamwona mbega. Ataona nyumba za ghorofa za kupangisha, maduka ya vifaa vya ujenzi, malori ya maji na vibao vya ploti zinazouzwa. Lakini Jumamosi asubuhi ataona pia jambo ambalo miaka 20 iliyopita lilikuwa nadra: makundi ya vijana kutoka Nairobi waliobeba mikoba mikubwa mgongoni na kuvaa viatu vizito, wakielekea Kiserian na Kona Baridi kuipanda milima ya Ngong.

Hawa hawaendi kuwinda. Wanaenda kutembea, kupiga picha na kurejea jioni wakilalamikia magoti. Hata hivyo, ni wawili miongoni mwao walionichochea kuandika makala haya. Nilikuwa nimeketi nyuma yao katika matatu, nikawasikia wakibishana kuhusu video walizotazama kwenye intaneti, za Wamarekani wanaoingia milimani kwa wiki nzima, kila mmoja na bunduki au upinde wake, hema lake na chakula chake mgongoni, wakimfuatia mnyama mpaka wampate, kisha waibebe nyama kwa mabega yao wenyewe hadi barabarani. Mmoja alitaka kujua kwa nini Mkenya asiruhusiwe kufanya hivyo katika nchi hii yenye wanyama tele. Mwenzake alimjibu kwamba wanyama ni mali ya KWS, basi.

Nilishuka kabla hawajamaliza. Naam, swali la yule wa kwanza ni zito kuliko lilivyosikika, na jibu la yule wa pili ni jepesi kuliko inavyofaa.

Tuanze na huko Marekani, kwa sababu ndiko kunakotoka hamu hii. Uwindaji wa kubeba shanta na kuingia nyikani kwa miguu ni wa kale, lakini katika miaka 20 hivi iliyopita umepata umaarufu mpya. Mahema yamekuwa mepesi. Simu zina ramani zinazomwonyesha mwindaji mpaka kati ya ardhi ya umma na ya mtu binafsi. Kipindi cha televisheni cha MeatEater, chake Steven Rinella, kilianza mwaka 2012 na kikawafundisha watu wa mijini kwamba nyama ya mnyama uliyemfuatia kwa siku tano ina heshima kuliko ile inayonunuliwa ikiwa imefungwa katika karatasi ya plastiki. Chama cha wawindaji na wavuvi wa nyikani, Backcountry Hunters & Anglers, kilichoanzishwa Oregon mwaka 2004, kimekuwa sauti kubwa ya kutetea ardhi ya umma isiuzwe.

Ajabu ni kwamba umaarufu huu umekua huku jamii ya wawindaji kwa jumla ikipungua. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliwahesabu wawindaji milioni 13.7 mwaka 2011, na mwaka 2016 wakawa milioni 11.5. Waliosalia wanasongamana katika mabonde yale yale. Vibali vya kuwinda katika majimbo mengi ya magharibi hutolewa kwa bahati nasibu, na mtu wa kutoka jimbo jingine huenda akangoja miaka mingi kabla ya jina lake kuchomoza. Na akishampata mnyama, kazi ndiyo kwanza inaanza. Dume la elk, mnyama wa jamii ya kulungu, hufika kilo 300 na zaidi. Katika Alaska, kuiacha nyama inayolika porini ni kosa la jinai. Kwa hivyo mwindaji hukata, hufunga, hubeba, hurudi, hubeba tena, usiku unaingia na dubu ananusa damu. Wengi hujaribu mara moja tu.

Lakini mambo mawili yanauwezesha mchezo huo, nayo hayaonekani kwenye video. La kwanza ni fedha. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, bunduki na risasi zinazouzwa Marekani hutozwa ushuru maalumu, asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na fedha hizo hurudishwa kwa majimbo kuwatunza wanyama. La pili ni nafasi. Jimbo la Montana lina ukubwa wa takriban kilomita mraba 380,000, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 1,084,225. Kaunti ya Kajiado ina takriban kilomita mraba 21,900. Sensa yetu ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 1,117,840.

Msomaji na azisome upya tarakimu hizo. Watu ni karibu sawa, ila wao wana ardhi mara 17 ya yetu.

Kinaya cha mambo ni kwamba sanaa ya kuingia nyikani na mizigo mgongoni kwa ajili ya kuwinda ilipata jina lake duniani papa hapa, katika tambarare zinazoanzia Kitengela na kuendelea hadi Athi na Kapiti. Neno safari liliingia katika Kiingereza kutoka kwetu. Mnamo Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu mamlakani kama rais wa Marekani, alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi hadi stesheni ya Kapiti Plains, na hapo akakuta hema zimepangwa na bendera ya nchi yake inapepea. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo ya miezi kadhaa.

Roosevelt hakubeba shanta. Walibeba wapagazi, zaidi ya 200, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 hivi kichwani. Picha nyingi za enzi hiyo zina jina la mzungu aliyesimama juu ya mzoga, na nyuma yake safu ya watu wasio na majina. Nimehariri kurasa za historia kwa miaka mingi na sijawahi kupata maelezo ya picha yaliyowataja hata watano.

Sheria za uwindaji za wakati huo zilimfaa mwenye leseni na bunduki. Mkamba aliyewinda kwa upinde na mshale wa sumu kama babu yake alipewa jina jipya, jangili. Wamaasai walitendewa tofauti: sehemu kubwa ya Kajiado iliwekwa ndani ya Hifadhi ya Kusini ya wanyama, na wenyeji wakaachwa humo pamoja na mifugo yao kwa sababu ilijulikana kuwa hawakuwa na desturi ya kula nyamapori. Tuseme ukweli, pofu na nyati waliliwa wakati wa dhiki, kwa kuwa walihesabiwa kama jamaa wa ng'ombe. Lakini kwa jumla, nyumbu na punda milia waliishi Kitengela kwa sababu mwenyeji hakuwa na haja nao sufuriani. Huo ndio uhifadhi wa kwanza wa eneo hili, na haukugharimu serikali ndururu.

Mnamo Mei 1977, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wote wa michezo. Mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na mapambo ya wanyama ikafungwa pia. Chama cha wawindaji wa kulipwa cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1934 katika hoteli ya Norfolk, kilivunjwa. Tangu hapo kizazi kizima cha Wakenya kimekua kikiamini kwamba marufuku hayo ndiyo yaliyowaokoa wanyama.

Je, yaliwaokoa? Takwimu zinatia shaka. Ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973. Kufikia mwaka 1989, Rais Daniel arap Moi alipoliwasha moto lile rundo la pembe katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, walikuwa wamesalia 16,000 hivi. Miaka 12 ya marufuku ilikuwa imeshapita. Kilichowanusuru ndovu ni kuundwa upya kwa ulinzi chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), lililokabidhiwa Richard Leakey, pamoja na marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe. Sensa ya kitaifa ya mwaka 2021 iliwahesabu 36,280.

Wanyama wasio na pembe za thamani hawakupata bahati hiyo. Watafiti wakiongozwa na Joseph Ogutu walichapisha mwaka 2016 matokeo yanayoonyesha kwamba wanyamapori katika maeneo ya malisho nchini walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya mwaka 1977 na 2016. Hapa kwetu ni vibaya zaidi. Nyumbu waliokuwa wakihama kati ya Mbuga ya Nairobi na tambarare za Athi na Kaputiei walikuwa karibu 30,000 mwaka 1978. Kufikia mwaka 2011 hawakufika 5,000.

Hawakuuawa na wawindaji wenye leseni, maana hao hawakuwepo. Sehemu yao iliuawa na watu wenye mikoba mgongoni wa aina nyingine kabisa.

Uwindaji huu unaendelea na haumo katika video za intaneti. Hufanyika usiku. Watu wachache huingia na kurunzi kali, mbwa, panga na honi au kengele ya kumpumbaza swala. Mitego hutengenezwa kwa nyaya, mara nyingi zilizokatwa kwenye ua la mtu. Mnyama hukatwakatwa pale pale, nyama ikatiwa katika magunia na mikoba, na kabla ya alfajiri bodaboda imekwisha kuvuka barabara kuu. Mwaka 2004, shirika la Born Free lilichukua sampuli 202 za nyama kutoka buchari za Nairobi. Robo yake ilikuwa nyamapori, na sampuli nyingine zilikuwa mchanganyiko wa nyamapori na nyama ya mifugo. Wanunuzi walidhani wanakula ng'ombe au mbuzi.

Ripoti ile ilizua kelele kwa wiki mbili. Nakumbuka chumba chetu cha habari kilivyojadili kama tuandike majina ya masoko au tusiandike, na wakati wa chakula cha mchana wenzangu wawili wakaagiza samaki.

Sheria ya wanyamapori iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Januari 2014 ni kali. Uwindaji wa michezo, hata wa ndege ambao ulikuwa umeruhusiwa kwa leseni, ulifungwa. Anayewinda kwa anasa mnyama aliye katika hatari kubwa ya kuangamia anaweza kutozwa faini isiyopungua Sh20 milioni au kufungwa maisha. Lakini ukali wa kifungu haumfikii mtu wa kurunzi iwapo hakuna askari wa kumkamata wala jirani wa kumtaja. Na jirani hana sababu ya kumtaja. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na hapo ndipo yule kijana aliyesema wanyama ni wa KWS aliposema jambo kubwa bila kujua.

Kisheria, wanyama ni amana ya taifa. Nyasi wanazokula ni za mtu. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa miaka ya themanini, na kila familia ikapewa hati ya kipande chake. Mwaka 1990 ulianzishwa mpango wa maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na eneo la Athi River likavuta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji mahali pa kulala. Mji wa Kitengela ukafura. Kisha Rongai, Nkoroi na Kiserian zikafuata kwa upande wa barabara ya Magadi. Mbuga ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946 na yenye kilomita mraba 117 tu, imezungushwa ua pande tatu; upande wa kusini, kuvuka mto Mbagathi, uliachwa wazi ili wanyama watoke wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Leo mlango huo umejaa nyaya na kuta za mawe. Swala hujirusha usiku, na asubuhi mwenye ua humkuta amenasa.

Wapo waliojaribu kulipa. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa ukodishaji ardhi Kitengela: familia isiyojenga ua, isiyouza na isiyochimba mawe ililipwa Sh300 kwa ekari kila mwaka, zikitolewa kwa awamu zinazolingana na siku za kulipa karo. Ulikuwa mpango wa busara, na familia nyingi zilisomesha watoto kwa fedha hizo. Ila tupige hesabu. Mwenye ekari 100 alipata Sh30,000 kwa mwaka. Dalali aliyekuja na gari lake alimwonyesha mamilioni ya shilingi kwa ekari moja. Isitoshe, fedha za mpango zilitegemea wafadhili, na mfadhili ana bajeti yake na uchovu wake.

Hoja ya wanaotaka uwindaji urudi imejengwa juu ya pengo hilo. Husema, mwacheni mwenye ardhi avune baadhi ya wanyama, auze nyama au auze kibali kwa mgeni tajiri, naye atakuwa na sababu ya kuwaacha wazaliane. Si hoja ya kipuuzi, na hapa kwetu iliwahi kujaribiwa. David Hopcraft, mwenye shamba la takriban ekari 20,000 karibu na Athi River, alifuga wanyamapori na kuwavuna kwa kibali. Nyama ya kongoni na swala ilifika hadi katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi, na watalii wakaisimulia makwao. Katika miaka ya tisini serikali iliendesha mpango wa majaribio wa uvunaji katika wilaya kadhaa. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2003. Ukaguzi ulikuwa hafifu, na kibali cha kuvuna swala wachache kilikuwa pazia zuri la kuuza wengi.

Mwaka uliofuata mbunge wa Laikipia Magharibi, marehemu G.G. Kariuki, aliwasilisha bungeni mswada wa kurekebisha sheria ya wanyamapori. Ulitaka wenyeji wawe na sauti zaidi na fidia iongezwe. Wapinzani wake waliona ndani yake mlango wa nyuma wa kurudisha bunduki. Bunge liliupitisha. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Magazeti, likiwemo hili tunalolifanyia kazi wengine wetu tangu enzi za mashine za taipu, yaliandika kuhusu uwindaji kwa wino mwingi na kuhusu fidia kwa wino kidogo. Nakiri nilikuwa miongoni mwa waliochagua vichwa hivyo vya habari. Simba huuza gazeti kuliko fomu ya madai.

Mjadala ulirudi mwaka 2018, wakati Waziri Najib Balala alipounda jopo la kuchunguza matumizi ya wanyamapori, uvunaji ukiwemo. Ulirudi kwa namna nyingine kutoka kusini. Tanzania haina marufuku ya uwindaji kama yetu: vitalu hukodishwa kwa makampuni, na kuanzia mwaka 2020 kanuni za nchi hiyo ziliruhusu mabucha maalumu ya nyamapori. Ndovu wa Amboseli, katika kaunti hii hii ya Kajiado, hawajui mpaka. Huvuka kwenda Enduimet na Longido wakitafuta malisho. Katikati ya miaka ya tisini kuuawa kwa madume kadhaa ya Amboseli upande wa pili kulizua malalamiko, na kwa takriban miaka 30 madume ya eneo hilo hayakuguswa. Kisha, kati ya Septemba 2023 na mwaka 2024, madume yasiyopungua matano yalipigwa risasi huko kwa vibali halali, baadhi yakiwa na pembe za ajabu zinazokaribia kugusa ardhi.

Hapa Wakenya wengi walikasirika, na hasira yao naielewa. Lakini mwenye kijiji cha Longido angeweza kutuuliza swali lisilopendeza: ndovu yule alipokuwa upande wenu, alimlipa nini mtu aliyekanyagiwa mahindi yake?

Hilo si swali la nadharia huku kwetu. Juni 2012, simba sita waliovamia boma la mbuzi Kitengela waliuawa kwa mikuki alfajiri moja. Machi 2016, simba dume aliyejulikana na watalii kwa jina Mohawk alipotea hadi karibu na Isinya, umati ukamzunguka, akamjeruhi mtu, na askari wa KWS wakampiga risasi. Dunia ililia. Desemba 2019, mwanamume aliuawa na simba viungani mwa Rongai. Na Aprili 2025, msichana wa miaka 14 alichukuliwa na simba jike kutoka nyumbani walikoishi, karibu na mpaka wa kusini wa mbuga. Sheria ya mwaka 2013 inaahidi fidia ya Sh5 milioni kwa kifo, badala ya Sh200,000 za awali. Ahadi ni nzuri, ila madai yalilundikana hadi kufikia mabilioni ya shilingi, na familia zimezoea kuzika kwanza na kusubiri miaka.

Basi nirudi kwa kijana wa matatu. Je, aruhusiwe kubeba shanta na bunduki?

Kwa maoni yangu, Kitengela na Nkoroi, hapana, wala sababu yangu haitokani na huruma kwa swala. Hakuna tena nyika ya kuingia. Risasi ya bunduki ya kuwindia husafiri kilomita kadhaa ikikosa shabaha, na huku kwetu kila nusu kilomita pana jiko, darasa au kanisa la mabati. Wanyama waliobaki ni wachache mno kugawiwa kwa bahati nasibu. Kibali kingeishia kwa tajiri wa Nairobi au wa ng'ambo, nyama ingeishia sokoni, na mwenyeji angerudishiwa kazi ya babu yake, kubeba mzigo. Zaidi ya hayo, ukame hauwinda kwa msimu. Kati ya Februari na Oktoba 2022 pekee, serikali ilihesabu mizoga ya nyumbu 512 na ya ndovu 205 katika maeneo yaliyokaukiwa, Amboseli ikiwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Tarakimu ya nyumbu ni ile ile ya mawindo ya Roosevelt, sadfa ambayo sikuweza kuipita kimya.

Kwingineko nchini, katika mashamba makubwa yenye ulinzi na hesabu za kila mwaka, hoja ya uvunaji inaweza kusikilizwa bila kelele. Ila anayeileta aje na jibu la mambo mawili yaliyoushinda mpango wa 2003: nani atahesabu, na nani atamhesabu mwenye kuhesabu.

Kwa upande wa pili, wale tunaosifu marufuku ya 1977 tukiwa tumeketi katika ploti zetu hatuna haki ya kujipongeza. Nami ni mmoja wao. Nilipojenga Nkoroi mwishoni mwa miaka ya tisini, swala tomi walikuwa wakila nyasi mahali ambapo sasa pana shule ya chekechea na gereji. Hakuna aliyewapiga risasi. Mimi nilijenga ukuta, jirani akajenga wake, na baada ya mvua mbili au tatu hawakuonekana tena. Reli mpya ilipopitishwa juu ya Mbuga ya Nairobi kwa daraja refu, ikafunguliwa Oktoba 2019 na kupewa kituo Ongata Rongai, tuliandika tahariri kali kuhusu twiga. Bei ya ploti zetu ilipanda, na kuhusu hilo hatukuandika tahariri.

Fedha za kumlipa mwenye ardhi zipo. Hao vijana wa shanta ni dalili mojawapo. Wanalipa nauli, wanalipa kiingilio milimani, wanakula nyama choma Kiserian na Olepolos, wananunua viatu vya bei ghali kuliko karo ya muhula. Kusini mwa mbuga, wamiliki kadhaa wa ardhi wameunganisha vipande vyao katika hifadhi ya jamii ya Naretunoi, ambako mgeni anaweza kulala kwenye hema na kutembea akiongozwa na mwenyeji. Ni eneo dogo, lakini mwenye nyasi ndiye anayetoa risiti. Mfano wa Marekani unaofaa kuigwa ni ule ushuru wa mwaka 1937 unaomlipisha anayefaidi nyika. Mkahawa unaouza mandhari ya mbuga, mjenzi anayetangaza nyumba zinazotazamana na simba, hata msafiri wa reli anayepiga picha ya punda milia dirishani, wote hufaidi nyasi za mtu asiyewajua.

Pendekezo la namna hiyo halihitaji kumtoa jasho mbunge yeyote, maana si la bunduki, na pengine ndiyo sababu halijapata mswada wake.

Jumapili iliyopita nilimtembelea mzee mmoja ng'ambo ya Mbagathi, ambaye ameacha ekari zake 60 bila ua. Tulihesabu punda milia 11 na pofu wawili kutoka barazani kwake. Simu yake iliita mara tatu tukinywa chai. Mara zote tatu alikuwa ni dalali yule yule, na mara ya tatu mzee alimwambia apige tena mwisho wa mwezi, karo ikishajulikana.